Kura ya Anayesubiri Saini

Fomu ya basari ya eneobunge hapa Nairobi huwa na kurasa chache tu, lakini mzazi anayeijaza huzunguka nayo kama anayetafuta kazi. Sehemu ya kwanza anaijaza mwenyewe: jina la mtoto, shule, karo inayodaiwa, kama wazazi wote wako hai. Baada ya hapo zinakuja sehemu asizoweza kujijazia. Chifu au naibu wake athibitishe kwamba familia inakaa katika lokesheni yake na kwamba kweli haijiwezi. Kiongozi wa dini, awe mchungaji, padri au imamu, aandike jina lake na kuweka saini. Mwalimu mkuu agonge muhuri kuonyesha kwamba mwanafunzi ni wake na deni si la kubuni. Fomu hutofautiana kutoka eneobunge moja hadi jingine, ila hao watatu ni nadra kukosekana.

Hao watatu ndio pia wanasiasa huwatafuta mapema kuliko mtu yeyote mwaka wa uchaguzi unapokaribia.

Alasiri moja nilikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya chifu huko Eastlands, nikisubiri barua yangu. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto. Mama mmoja aliingia na fomu ya mtoto wake, ameitia ndani ya bahasha ya kaki isichafuke. Chifu aliipokea, akaiweka chini ya kiganja bila kuisoma, akamgeukia mzee wa mtaa aliyekuwa ameketi pembeni. “Huyu ni wetu?” Mzee akatabasamu tu. Mama akawahi kujibu mwenyewe: “Mimi ni wa hapa hapa, chifu. Niko ploti ya nyuma ya kanisa, mzee ananijua.” Muhuri ukagongwa. Hakuna aliyetaja chama wala mgombea. Ukienda mahakamani na kisa kama hiki utachekwa, na wakili wa upande wa pili hatahitaji hata kusimama.

Lakini yule mama alikuwa ameelewa swali. Mimi pia niliyekuwa kwenye benchi nililielewa.

Mjadala wetu kuhusu wataalamu na siasa hukwama kwenye swali rahisi mno: je, daktari, mwalimu, wakili au mchungaji ana haki ya kusema anamuunga mkono nani? Kama raia anayo, isipokuwa pale alipoajiriwa na umma na sheria ikamwekea mipaka. Ibara ya 38 ya Katiba inampa kila raia haki ya kufanya maamuzi yake ya kisiasa bila kuangalia anafanya kazi gani. Swali zito liko kwa yule anayemsikiliza. Je, anaweza kumkatalia leo, kisha kesho arudi kwake kuhudumiwa bila wasiwasi? Akiweza, aliyosikia ni maoni, na yaachwe yasemwe hata yakiwa ya kipuuzi. Asipoweza, kura yake imeanza kuingiliwa, hata kama aliambiwa kwa upole na kuagwa kwa tabasamu.

Nasema hivi kwa sababu ushawishi wa maneno matupu ni mdogo kuliko wenye kuutumia wanavyodhani. Tazama kura ya maoni ya tarehe 4 Agosti 2010. Viongozi wengi wa makanisa waliipinga rasimu ya Katiba hadharani, wakitaja mahakama za kadhi na kipengele kinachohusu uavyaji mimba. Walihubiri, wakaandika barua, wakasimama kwenye majukwaa pamoja na wanasiasa wa kambi ya hapana, iliyotumia rangi nyekundu. Hii ni nchi ambayo Wakristo ndio wengi, na Jumapili makanisa ya Nairobi hujaa. Matokeo yalipotangazwa, asilimia 67 hivi ya waliopiga kura walikuwa wamesema ndiyo. Mamilioni ya waumini walimsikiliza mchungaji, wakaitikia amina, kisha wakaenda kituoni wakachagua kijani. Jumapili iliyofuata walirudi kanisani na hakuna aliyewauliza, kwa kuwa mchungaji hakuwa na kitu chao mkononi.

Weka muumini yuleyule mbele ya mchungaji yuleyule akiwa na fomu ya basari, na hali inabadilika kabisa. Mkono ulioinuliwa kubariki sasa una kalamu.

Kwa hiyo sioni tatizo kubwa kwenye mimbari yenyewe. Nchi hii ina deni kwa mimbari. Mwaka 1988 chama tawala, KANU, kilipowaburuza wananchi kwenye uteuzi wa mlolongo, ambapo ulipanga foleni nyuma ya mgombea wako huku chifu, askari na jirani wakikuona, na mgombea aliyepata zaidi ya asilimia 70 akapita bila kupingwa, waliopaza sauti mapema walikuwa watu wa dini. Henry Okullu, Alexander Muge na Timothy Njoya walitumia nafasi zao kushawishi watu kisiasa, na hakuna njia nyingine ya kulieleza hilo. Tofauti yao na wengine ni kwamba walikuwa wakimsema aliyeshika dola, tena wao wenyewe ndio waliokuwa hatarini. Nani anaweza kudai kwamba waumini waliwaunga mkono kwa kuogopa kunyimwa kitu?

Mlolongo wenyewe uliachwa baada ya miaka michache tukarudi kwenye kura ya siri katika ngazi zote, na nadhani hapo ndipo tulipojidanganya kidogo. Siri ya kura humlinda mtu kwa dakika chache tu, pale kibandani. Miezi yote kabla ya hapo mwananchi wa kawaida wa Mathare au Mukuru anapanga foleni za aina nyingine ambazo hazina kibanda: ya barua ya chifu anapotafuta kitambulisho cha mtoto aliyefika miaka 18, ya kibali cha mazishi, ya dawa ya presha, ya nafasi ya shule ya sekondari. Kwenye foleni hizo anaonekana vizuri sana. Wanaomtazama ni watu waliosoma, wenye ofisi na mihuri.

Sheria zipo, na si mbaya. Ibara ya 81 inataka uchaguzi usio na ghasia, vitisho, ushawishi usiofaa wala ufisadi. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 imeharamisha kumlazimisha mpiga kura kwa nguvu au kwa kumtishia madhara ya mwili, ya mali na hata ya kiroho, jambo ambalo baadhi ya wahubiri wetu wangefaidika kulisoma. Sheria hiyohiyo inamkataza mtumishi wa umma kuonyesha hadharani kwamba anaunga mkono au kupinga chama au mgombea. Lakini soma vizuri uone inachokamata: tishio lililotamkwa na tendo lililofanywa hadharani. Kiganja kilichowekwa juu ya fomu hakimo. Na mtumishi wa umma ni sehemu tu ya wenye mihuri. Mwenye kliniki ya kibinafsi, mchungaji wa kanisa la mabati na wakili wa mtaani wanaguswa pale tu wanapotisha waziwazi, na ni nani siku hizi anayetisha waziwazi?

Kuna jambo la kumtetea chifu, nisije nikaonekana nimemtwika mzigo wote. Naye pia ana mwenye muhuri juu yake. Katika kesi ya urais ya 2017 walalamishi walidai kwamba Rais aliyekuwa akitetea kiti chake aliwatisha machifu wa Makueni kwa madai kuwa walikuwa wakiwaunga mkono wapinzani wake. Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi ule tarehe 1 Septemba kwa sababu nyingine, zilizohusu hasa jinsi matokeo yalivyopeperushwa na kuthibitishwa, kwa hiyo tusiyabebe madai hayo kama hukumu. Ila hakuna chifu aliyehitaji hukumu ili kuelewa uhamisho hutoka wapi. Mwaka 2022 mawaziri walisimama kwenye majukwaa ya Azimio, muungano wa Raila Odinga, bila kificho, tukawatazama kwenye runinga. Waziri anayesimamia machifu akionekana jukwaani Jumamosi, chifu atafasirije waraka utakaomfikia Jumatatu?

Upande wa madaktari ninaushughulikia kwa tahadhari zaidi, kwa sababu nadhani tunawanyamazisha mahali wanapotakiwa kusema na kuwaacha waseme mahali wanapotakiwa kunyamaza.

Mwaka 2010 daktari mmoja wa magonjwa ya njia ya mkojo katika jimbo la Florida, Marekani, alibandika tangazo mlangoni kwake akiwataka waliompigia Obama kura watafute matibabu kwingine. Alisema baadaye kwamba hatamfukuza mgonjwa yeyote. Hilo halikubadilisha kitu: mgonjwa aliyekuwa amesimama nje akiumwa alikuwa ameshasoma. Kwetu sijaona tangazo la namna hiyo mlangoni, na kwa hulka yetu sidhani nitaliona. Daktari wa Nairobi akitaka kukuuliza unaegemea wapi ataanza na jina lako la pili. “Nyinyi wa huko mmeamua nini safari hii?” anauliza huku akikufunga kitambaa cha kupimia presha mkononi. Inaonekana ni mazungumzo ya kupitisha wakati. Lakini mgonjwa yuko kwenye kitanda chembamba, amevua shati, majibu ya vipimo hajapewa. Hata asipojali siasa atatafuta jibu la kumridhisha. Nimeshawahi kutafuta jibu hilo mimi mwenyewe, na si mtu wa kukosa maneno.

Daktari huyohuyo akitoka nje ya chumba, mambo ni mengine. Tangu Oktoba 2024, bima ya afya ya taifa, NHIF, ilipoondolewa na kuwekwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, anayejua vizuri jinsi mfumo unavyofanya kazi kwenye kaunta ya hospitali ni daktari, muuguzi na karani wa malipo. Akisimama kwenye redio akaeleza anachokiona, wapiga kura watakaoisikia watashawishika, na ni vyema washawishike. Serikali itasema anafanya siasa. Ndiyo, afya ya umma ni siasa, na mlipa kodi anastahili kuijua kutoka kwa anayeishi nayo. Mgomo wa madaktari uliochukua siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, uliangukia mwaka wa uchaguzi, na viongozi saba wa chama chao wakatupwa jela kwa kukaidi amri ya mahakama. Unaweza kuhoji gharama ya mgomo huo kwa wagonjwa, na mimi nahoji hadi leo, lakini huwezi kusema walimvizia mgonjwa kitandani. Walidai hadharani, wakajibiwa hadharani.

Wamarekani walikutana na tatizo jingine la udaktari ambalo sisi hatujaliwekea utaratibu. Mwaka 1964 jarida la Fact liliwaandikia madaktari wa akili zaidi ya 12,000 kuwauliza kama Barry Goldwater, aliyekuwa akiwania urais, ana utimamu wa kushika kazi hiyo. Waliojibu walizidi 2,000, na 1,189 kati yao wakasema hafai, ingawa hawakuwa wamempima. Goldwater alishindwa uchaguzi, akashtaki jarida, akashinda kesi. Mwaka 1973 chama cha madaktari wa akili cha nchi hiyo kikapitisha kanuni ya kuwakataza wanachama wake kutoa uamuzi wa kitaalamu kuhusu mtu wa umma ambaye hawajamchunguza na ambaye hajaridhia. Hapa kwetu, mgombea mwenye umri mkubwa akijikwaa kwenye ngazi, jioni yake mtu mwenye cheo cha udaktari yuko runingani akieleza dalili. Cheo hicho kinampa uzito ambao maneno yake hayana.

Mawakili na waendesha kura za maoni nitawapitia haraka. Wakili akimpigia debe mgombea, watu wanajua kwamba kazi yake ni kutetea upande, wanampunguzia wenyewe. Watafiti wa kura za maoni wana sheria ya 2012 inayowazuia kuchapisha matokeo siku tano za mwisho, na zaidi ya hapo waliadhibiwa na uhalisia: tafiti kubwa za mwisho za 2022 zilimweka Raila Odinga mbele, kisha William Ruto akatangazwa mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Hakuna mtu anayeomba saini kwa mtafiti.

Mwalimu ndiye aliye mahali pagumu kuliko wote. Vituo vyetu vingi vya kura ni madarasa. Mwaka 2022 vilikuwa zaidi ya 46,000 nchini, na tume ya uchaguzi, ikitafuta watu wanaojua kusoma fomu na kujumlisha bila kutetemeka, huajiri walimu wengi. Sina ugomvi na uwezo wao. Nawaamini walimu kuliko makundi mengi yaliyowahi kupendekezwa badala yao. Lakini fikiria darasa la shule ya msingi huko Kibra au Korogocho siku ya kura. Bibi asiyejua kusoma anaingia. Kanuni zinamruhusu kuja na msaidizi wake anayemwamini, na msaidizi huyo hawezi kumsaidia mtu wa pili. Kama hana, anayemwekea alama ni msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa vyama. Bibi anatamka jina la chaguo lake kwa sauti, na pale chumbani wanasikia mawakala, makarani na msimamizi. Sasa kama msimamizi ni mwalimu mkuu wa mjukuu anayelelewa na bibi huyo, yaani yule anayeamua kama mtoto atarudishwa nyumbani kwa karo ya chakula wiki ijayo, siri ya kura imebaki karatasi tupu. Mwalimu anaweza kuwa mwadilifu kabisa. Bibi hawezi kuishi kwa kubahatisha kwamba ni mwadilifu.

Hapa vyama vya walimu havijawasaidia wanachama wao. Mwaka 2017 katibu mkuu wa chama cha walimu cha KNUT, Wilson Sossion, aliingia bungeni kwa kuteuliwa na chama cha siasa cha ODM akiwa bado anaongoza KNUT. Ni haki yake kuwa mbunge, na inawezekana aliwasemea walimu vizuri huko. Lakini kiongozi wa walimu wote akivaa rangi ya chama kimoja, mzazi wa chama kingine atamwangalia vipi mwalimu aliyeshika karatasi za kura?

Yapo mambo yanayoweza kurekebishwa bila kubadilisha Katiba na bila kikao cha hoteli. Msimamizi wa kituo asipangiwe shule anayofundisha wala shule ya jirani. Tume ina orodha, TSC, mwajiri wa walimu wa umma, ina orodha, ni kazi ya wiki moja ya mtu mwenye kompyuta. Fomu za basari zifutwe mstari wa kiongozi wa dini, kwa sababu sijawahi kusikia maelezo ya maana kwa nini umaskini wa mtoto uthibitishwe na mchungaji. Saini ya chifu ibaki ikiwa lazima, lakini iwe na muda maalum, na akikataa aandike sababu kwenye fomu hiyohiyo. Mtu anayejua kwamba kukataa kwake kutaachwa kwenye maandishi huwa mwangalifu.

Baraza la madaktari, TSC na chama cha mawakili vina taratibu zao za nidhamu, na vingeweza kutoa mwongozo mfupi kabla ya Agosti 2027: ukiwa na mteja, mgonjwa au mzazi mbele yako, usimuulize wala usimwambie kura. Nje ya hapo ongea utakavyo kadiri sheria inavyokuruhusu. Waajiriwa wa kibinafsi watalalamika kwamba wanabanwa midomo. Hawabanwi, wanaombwa wangoje hadi mgonjwa avae shati.

Makanisa ndiyo yananishinda. Makubwa yana uongozi unaoweza kuamua. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Anglikana, Jackson Ole Sapit, alitangaza kwamba wanasiasa hawatapewa tena nafasi ya kuhutubia kwenye mimbari zao. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Katoliki wa Nairobi, Philip Anyolo, alikataa mchango wa mamilioni ya shilingi ambao Rais aliutoa katika kanisa la Soweto, Kahawa West, akaagiza urudishwe. Mapadri na wachungaji walio chini yao wanajua nani atawauliza wakikaidi. Lakini kanisa la mabati la mtaa wa Pipeline lililoanzishwa na mchungaji mmoja, ambalo yeye ndiye askofu, mhazini na mwenye ploti, halina ofisi ambayo muumini anaweza kupeleka malalamiko. Baada ya maafa ya Shakahola ya 2023, ambako mamia ya wafuasi wa mhubiri mmoja walikufa, serikali iliunda jopo la kupendekeza jinsi mashirika ya kidini yatakavyosimamiwa, na viongozi wengi wa dini wakapinga wakihofia kudhibitiwa na wanasiasa. Kwa historia ya 1988 siwezi kusema hofu hiyo haina msingi. Serikali ikipewa nguvu ya kumsajili na kumfutia mchungaji, itakayopata muhuri mkubwa kuliko wote ni serikali yenyewe, na kura itaombwa kutoka juu kwenda chini kama ile ya machifu. Kati ya mchungaji asiye na wa kumuuliza na mchungaji anayeulizwa na Ikulu, bado sijaona pendekezo mezani ninaloweza kuliunga mkono.